Omu za Koili: Historia ya Namba ya Pili ya Rilei

Kila rilei ina namba mbili ambazo fundi anapaswa kuzijua kabla hajaifunga kwenye saketi. Ya kwanza ni volti, nayo imechapwa mgongoni mwake, haikosekani. Ya pili ni ukinzani wa koili, yaani omu zake. Hiyo mara nyingi haijaandikwa popote. Mtu huitafuta kwenye karatasi ya kiwanda, au huchukua mita akaipima mwenyewe.

Nimeishi na namba hii ya pili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilikuwa fundi wa mitambo ya simu katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, enzi za mitambo ya Strowger, wakati ekschenji ilijaa rilei kwa maelfu na kila koili ilibeba omu zake zimeandikwa. Sasa nimestaafu, na vijana wa mtaani huniletea kazi zao: mtambo wa kuzima pampu tangi la maji likijaa, mashine ya kutotolea vifaranga, saketi ya kubadilisha umeme wa jenereta. Nikiwauliza koili ya rilei yao ina omu ngapi, wengi hunyamaza. Dukani Kariakoo muuzaji anauliza volti tu, na mnunuzi anataja volti tu. Naandika haya kwa sababu swali la omu limebeba historia nzito. Lilipokosa jibu, watu wenye elimu kubwa walisema telegrafu haiwezekani. Lilipopata jibu, dunia ikaanza kuzungumza kwa waya.

Rilei yenyewe si kitu kigumu kukieleza. Waya mwembamba umezungushwa juu ya kiini cha chuma laini. Mkondo ukipita, chuma kinageuka sumaku na kuvuta kipande kingine cha chuma kilicho karibu. Kipande hicho kinasukuma kontakti, na kontakti inaunganisha au kukata saketi nyingine, ambayo inaweza kubeba umeme mkubwa mara nyingi kuliko ule wa koili. Umeme mdogo unaamuru umeme mkubwa, na saketi mbili hazigusani. Ugumu wote uko kwenye ule waya mwembamba: uwe mwembamba kiasi gani, na uzungushwe mara ngapi?

Mwalimu wa Albany

Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon aliwaonyesha wataalamu wa London kipande cha chuma kilichopindwa kwa umbo la kiatu cha farasi, kimezungushiwa waya wa shaba. Alipounganisha betri, chuma kile kikainua uzito wa kilo 4 hivi. Alipokata umeme, uzito ukaanguka. Mwaka huohuo Peter Barlow, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, alijaribu kuona kama umeme ungeweza kupeleka habari mbali. Alipofika futi 200 za waya, yaani meta 60 tu, nguvu ilikuwa imefifia kiasi kwamba akaandika kuwa mpango huo hautekelezeki. Barlow alikuwa mtu wa heshima, na neno lake lilikata tamaa za wengi.

Jibu lilitoka kwa mwalimu wa shule. Joseph Henry alizaliwa mwaka 1797 huko Albany, jimbo la New York, katika familia isiyo na mali, akafundisha katika Albany Academy. Sturgeon alikuwa amepaka chuma vanishi na kuuacha waya uchi, hivyo ilibidi mizunguko iachane isigusane. Henry akauvika waya wenyewe uzi wa hariri. Kuanzia hapo aliweza kuusuka mzunguko ubavuni mwa mzunguko, tabaka juu ya tabaka, mamia ya mara.

Kisha akagundua jambo ambalo kwangu ndilo mwanzo wa somo zima. Alisuka sumaku za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na koili nyingi fupi, kila moja imeunganishwa na betri peke yake. Sumaku hii ilikuwa na nguvu ya kutisha ikiwa karibu na betri: ile aliyoitengenezea Yale mwaka 1831 iliinua uzito uliozidi pauni 2000, karibu tani moja. Lakini ukiiweka mwisho wa waya mrefu, ilikuwa kama imekufa. Ya pili ilikuwa na waya mmoja mrefu sana, uliosukwa mizunguko mingi. Hii haikuinua tani. Lakini Henry alipotandaza zaidi ya maili moja ya waya kuzunguka kuta za chumba cha shule, akaweka betri ya seli nyingi zilizofuatana upande mmoja na sumaku hii upande wa pili, ilivuta chuma na kugonga kengele. Barlow alikuwa amekwama kwenye futi 200. Henry alivuka 5000 kwa kubadilisha usukaji wa koili na mpangilio wa betri.

Wakati huo Henry alikuwa bado hajaijua kanuni ya Georg Ohm, kwamba mkondo ni volti gawanya kwa omu, ingawa Ohm alikwisha kuichapisha Berlin mwaka 1827 na kupokelewa kwa baridi. Henry aliyapata haya kwa mikono yake. Sisi tunaweza kuyaona kwa hesabu, na ninamwomba msomaji asiiruke, kwa maana kila kitu kinachofuata kinategemea hesabu hii.

Nguvu ya sumaku inatokana na mkondo kuzidisha idadi ya mizunguko. Chukua kibobini kimoja, ukijaze waya, na tuseme umepata mizunguko 100 na omu 1. Sasa toa waya huo, ujaze mwingine wenye nusu ya unene. Kwa kuwa eneo la waya limekuwa robo, mizunguko inafika 400. Waya umekuwa mrefu mara nne na mwembamba mara nne kwa eneo, kwa hiyo omu zinapanda mara 16. Punguza unene kwa nusu tena: mizunguko 1600, omu 256. Punguza tena: mizunguko 6400, omu 4096.

Ziweke koili hizi nne, moja baada ya nyingine, mwisho wa njia yenye omu 100, na betri ya volti 10. Ya kwanza inapata mkondo wa miliampea 99, na ukizidisha kwa mizunguko 100 unapata nguvu ya 10 hivi. Ya pili inapata miliampea 86, lakini kwa mizunguko 400 nguvu yake ni 34. Ya tatu mkondo wake umeshuka hadi miliampea 28, na bado nguvu imepanda hadi 45. Ya nne mkondo umekaribia kwisha, miliampea 2 na ushei, na nguvu imeanguka hadi 15. Kilele kiko pale ambapo omu za koili zinalingana na omu za njia: koili ya omu 100 ingetoa nguvu ya 50. Hii ndiyo kanuni ambayo mafundi wa telegrafu waliishika karne nzima. Koili haina omu nzuri au mbaya peke yake. Uzuri wake unategemea kilichoko mbele yake na nyuma yake.

Omu 150 na omu 4

Henry alihamia Princeton mwaka 1832, na huko akafanya jambo la pili. Alitumia sumaku ya waya mrefu, inayosikia kutoka mbali, kufungua saketi ya sumaku ya pili yenye nguvu nyingi iliyokuwa imeshika uzito mkubwa. Ishara dhaifu ilifika kutoka mbali, na uzito ukaanguka kwa kishindo mbele ya wanafunzi. Hiyo ilikuwa rilei. Henry hakuichukulia hataza, kwa sababu aliamini elimu ni ya watu wote. Huko Uingereza, Edward Davy alisajili wazo la aina hiyo mwaka 1838.

Samuel Morse alikuwa mchoraji, na umeme alijifunza njiani. Mwaka 1836 chombo chake hakikuweza kufanya kazi zaidi ya futi 40. Alikuwa na seli moja na koili yenye mizunguko michache ya waya mnene. Mwenzake chuoni New York, Leonard Gale, mwalimu wa kemia, alikuwa amesoma makala ya Henry ya mwaka 1831. Akamwambia Morse abadilishe mambo mawili: seli ziwe nyingi zikifuatana, na koili iwe na mizunguko mingi. Umbali ukapanda kutoka futi 40 hadi mamia, na baadaye hadi maili 10 za waya uliozungushwa kwenye magurudumu. Tarehe 24 Mei 1844 ujumbe ulitoka Washington ukafika Baltimore.

Hata hivyo rilei za njia ile ya kwanza zilikuwa kubwa na nzito mno, kwa kuwa zilisukwa kwa waya mnene, mafundi wakiamini kwamba waya wa koili lazima ulingane na waya wa njia. Uzoefu uliwafundisha vingine. Waya mwembamba ulikuja, koili zikapungua, rilei zikakaa mezani. Kufikia mwisho wa karne, katika ofisi za telegrafu za Marekani, vipimo viwili vilikuwa vimekuwa vya kawaida hivi kwamba viwanda vilivichapa kwenye orodha zao za bei: rilei ya njia kuu omu 150, na kigongeo cha ofisini omu 4.

Ukiikumbuka ile hesabu ya koili nne, namba hizi mbili zinajieleza zenyewe. Njia kuu ilikuwa waya wa chuma juu ya nguzo, wenye omu zaidi ya 10 kwa kila maili, ukipita mji baada ya mji, na ofisi zote zikifuatana kwenye waya huohuo mmoja. Mkondo uliokuwa humo ulikuwa mdogo, kwa hiyo kila ofisi iliuwekea koili ya waya mwembamba na mizunguko mingi. Lakini mkono wa rilei ulikuwa mwepesi, haukutoa sauti ya kusikika chumbani. Kazi yake ilikuwa kuunganisha saketi fupi ya mezani, yenye seli mbili tatu na hatua chache za waya. Humo mkondo ulikuwa wa kutosha, na koili ya omu 4, yenye waya mnene, ilivuta kwa nguvu na kugonga kwa mlio ambao opereta aliusoma kwa sikio. Waliokuwa na njia fupi za faragha, kutoka nyumba hadi nyumba, waliagiza vigongeo vya omu 20. Mnunuzi wa karne ya 19 aliyeingia duka la vifaa vya telegrafu aliulizwa njia yake ina urefu gani kabla hajauziwa chochote.

Hata kipimo chenyewe kilizaliwa kwa ajili ya kazi hii. Watu wa telegrafu walihitaji kujua ukinzani wa nyaya zao ili watafute mahali zilipokatika, na kila nchi ilikuwa na kipimo chake. Mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris mwaka 1881 ndio uliokubaliana juu ya omu, volti na ampea, na jina la Ohm, aliyepuuzwa alipochapisha kitabu chake, likaingia kwenye kila koili duniani.

Pwani yetu iliunganishwa wakati huo. Mwaka 1879, Sultani Barghash akiwa kwenye kiti cha Unguja, waya wa chini ya bahari wa kampuni ya Eastern and South African Telegraph ulitoka Aden ukafika Zanzibar, ukaendelea hadi Msumbiji na Durban. Mwaka 1890 ukafika Mombasa. Jengo la zamani la kampuni za nyaya hizo bado limesimama Shangani, na sasa ni hoteli. Ndani ya bahari rilei ya kawaida ilishindwa. Ishara iliyosafiri mamia ya maili chini ya maji ilifika imetandaa na kudhoofika, bila nguvu ya kusogeza mkono wa chuma. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aligeuza mpango: koili nyepesi ikaning'inizwa kati ya ncha za sumaku kubwa, ikicheza na kuchora mstari wa wino kwenye karatasi kupitia mrija mwembamba. Chombo hicho alikisajili mwaka 1867, na kilifanya kazi kwenye nyaya za bahari kwa miongo mingi.

Reli inayovuja umeme

Kuna mfano mmoja ambao niliupenda sana nilipousoma, kwa kuwa unaipeleka kanuni upande wa pili. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alisajili njia ya kutambua treni kwa kutumia reli zenyewe. Kipande cha reli kinatengwa na vipande vingine. Betri inawekwa mwisho mmoja, rilei mwisho wa pili, na mkondo unapita kwenye reli mbili ukiishikilia rilei ikiwa imevuta. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake vinaunganisha reli mbili, mkondo unapita njia ya mkato, rilei inaachia, na taa inakuwa nyekundu. Betri ikifa, waya ukikatika, reli ikivunjika, rilei inaachia vilevile na taa inakuwa nyekundu. Hitilafu yoyote inasimamisha treni. Watu wengi sana duniani wako hai kwa sababu ya wazo hilo.

Sasa koili yake iwe na omu ngapi? Anayefuata mazoea ya telegrafu angesema 150 au zaidi. Jibu la watu wa reli lilikuwa kinyume: omu 4 Marekani, omu 9 Uingereza, ndizo zilizoenea. Reli zimelala juu ya mataruma na kokoto, na mvua ikinyesha umeme unavuja kutoka reli moja kwenda nyingine katika urefu wote. Reli zenyewe zina ukinzani mdogo mno, na volti inayotumika ni ndogo, moja au mbili hivi. Rilei ya omu nyingi ingepata mkondo kidogo mno katika njia hiyo, na ingeweza kubaki imeshikilia kwa chembe za umeme zinazosalia treni ikiwa juu ya reli. Waya mnene wenye omu chache ulifaa njia yenye omu chache. Ni kanuni ileile ya Henry, na safari hii roho za abiria zimo ndani yake.

Usiku wa ekschenji

Nafika sasa kwenye kazi yangu. Almon Strowger alikuwa mwenye kampuni ya mazishi katika Kansas City. Husimuliwa kwamba alichoka na maopereta waliowapeleka wateja wake kwa mshindani, akaapa kuwaondoa. Hataza ya mtambo wake wa kuunganisha simu bila opereta ilitoka tarehe 10 Machi 1891, na mwaka 1892 ekschenji ya kwanza ya kujiendesha ikafunguliwa La Porte, Indiana. Mfumo wake ulienea, Waingereza wakauchukua, na kupitia kwao ukafika Afrika Mashariki. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki liliutumia, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na mitambo yake.

Rilei tuliyoishi nayo ni ile ambayo Posta ya Uingereza iliibuni na kuiita aina ya 3000. Ni ndefu kama kidole cha kati, na safu za springi za kontakti ziko juu ya koili. Umbo lilikuwa moja, lakini koili zilikuwa za kila namna, na mwalimu wangu wa kazi, Mungu amrehemu, hakuniruhusu kugusa bisibisi mpaka nilipoweza kumweleza kwa nini.

Rilei muhimu kuliko zote ilikuwa ile tuliyoiita A. Ilikuwa na koili mbili juu ya kiini kimoja, omu 200 na omu 200, moja kwa kila waya wa mteja. Betri ya ekschenji ilikuwa volti 50. Mteja akiinua mkono wa simu, mkondo ulipita koili ya kwanza, ukaenda hadi nyumbani kwake, ukarudi kupitia koili ya pili. Rilei hii ilifanya kazi tatu kwa wakati mmoja: ililisha simu umeme wa kuzungumzia, ilitambua kwamba mteja yupo, na ilifuata mapigo ya kidaio cha kupigia namba, 10 kwa sekunde, kuvuta na kuachia bila kuchelewa. Omu zingekuwa chache zaidi, mteja aliye karibu na ekschenji angepata mkondo mkubwa wa kuunguza. Zingekuwa nyingi zaidi, mteja wa mbali asingesikika. Piga hesabu mwenyewe: volti 50 gawanya kwa omu 400 za koili na omu 1000 za njia ndefu, unabaki na miliampea 35 na ushei, bado za kutosha. Wingi wa mizunguko uliifanya koili izuie sauti isipotelee kwenye betri, na hivyo maneno ya mtu yakaendelea mbele kwa mwenzake.

Pembeni mwa A ilikuwapo B. Hii ilivishwa kipande kinene cha shaba kwenye kiini, ili ichelewe kuachia. A ikichezacheza na mapigo ya namba, B ilibaki imeshikilia, na kwa hiyo mtambo ulijua kwamba mteja anapiga namba, hajakata simu. Kwingine kulikuwa na rilei za omu 1000 na kupita, zilizokaa zimevuta kwa muda wote wa mazungumzo. Kwa volti 50, koili ya omu 1000 inakula wati 2 na nusu, nayo inavumilia. Weka mahali pake koili ya omu 100, itakula wati 25 na kuungua, na harufu ya vanishi ya koili inayoungua fundi wa ekschenji haisahau.

Tulikuwa na vipimo vya unene vya kupima nafasi za kontakti, mizani ndogo ya kupima mvuto wa springi kwa gramu, na sanduku la kupimia mkondo. Kila rilei ilikuwa na kadi yake: mkondo ambao lazima ivute, na mkondo ambao haipaswi kuvuta. Usiku, mji ukilala, nilisikia simu moja ikipita ukumbini kutoka safu hadi safu, na niliweza kutambua kwa sikio rilei inayochelewa. Ulikuwa ufundi uliodai akili na mikono, na ninaona fahari kwamba niliufanya.

Rilei za simu zilijenga pia kompyuta za kwanza. Claude Shannon alionyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1937 kwamba saketi za rilei zinaweza kutenda mantiki, na Konrad Zuse akakamilisha Z3 jijini Berlin mwaka 1941 kwa rilei zaidi ya 2000 za simu.

Namba ya pili leo

Mitambo ya kidijitali ilipoingia, ekschenji za zamani zilifungwa na rilei zake zikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Rilei haikufa. Iko kwenye friji, kwenye gari, kwenye inveta ya sola, na kwenye kijisanduku cha bluu ambacho vijana hukinunua kwa kazi zao.

Kijisanduku hicho kinastahili kutazamwa kwa jicho la Henry. Rilei ya Songle ya jamii ya SRD ya volti 5 ina koili ya omu 70. Ya volti 12 ina omu 400. Ya volti 24 ina omu 1600. Gawanya, utaona ya kwanza inavuta miliampea 71, ya pili 30, ya tatu 15. Zidisha mkondo kwa volti, na zote tatu zinakula wati 0.36 ileile. Ni kibobini kimoja kilichojazwa waya wa unene tofauti. Kati ya ile ya volti 12 na ya volti 24, volti zimezidi mara mbili na omu zimezidi mara nne.

Jirani yangu kijana aliniletea ubao wenye rilei nane za aina hii, akiuendesha kutoka tundu la USB la kompyuta yake. Rilei chache zikiwaka, kila kitu kilikuwa sawa. Zikiwaka zote, mtambo ulijizima.

"Shikamoo bibi. Programu yangu imenishinda, sioni kosa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Iache programu. Pima koili moja."

Akapima, akapata omu 70. Nikamwambia agawanye volti 5 kwa 70, kisha azidishe kwa nane. Akapata miliampea 571. Tundu la kawaida la USB hutoa 500. Alinyamaza, akacheka, na tangu siku hiyo haendi dukani bila mita.

Anayechagua rilei leo aanze na umeme alio nao, betri au adapta, na atafute koili inayolingana na volti hiyo. Kisha agawanye volti kwa omu apate mkondo. Pini ya chipu ya ATmega328, iliyo kwenye Arduino nyingi, ina ukomo wa miliampea 40, na ni busara isizidi 20. Kwa hiyo haiwezi kubeba koili ya omu 70, na lazima transista iwe kati yao. Transista nayo ichaguliwe kwa mkondo huohuo, ibaki na nafasi. Dayodi iwekwe sambamba na koili, kwa sababu koili ikikatiwa umeme ghafla hurudisha pigo la volti nyingi linaloua transista. Rilei ya gari, yenye pini za 30, 85, 86 na 87, ni ya volti 12 kama ile ya omu 400, lakini koili yake huwa chini ya omu 100 na huvuta zaidi ya miliampea 100. Volti ni moja, na saketi inayofaa hii inaweza kuungua kwa ile.

Kwa nchi zetu za joto kuna jambo la kuongeza. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto. Koili ya omu 70 iliyopimwa kwenye digrii 20 inafika omu 78 ndani ya boksi lililofungwa chini ya bati, kwenye digrii 50. Mkondo unashuka hadi miliampea 64. Kama adapta nayo ni dhaifu, rilei iliyofanya kazi vizuri asubuhi inaweza kugoma saa nane mchana. Na kwa anayetumia sola kijijini, rilei moja inayokaa imevuta mchana na usiku inakula zaidi ya wati-saa 8 kila siku. Huyo atafute rilei ya kujishikilia yenyewe, inayohitaji umeme wakati wa kugeuka tu.

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo vya ufundi. Mfundisheni mwanafunzi kusuka koili moja kwa mkono kabla ya kumpa ubao uliokwisha tengenezwa. Mwacheni apime omu zake, abadilishe unene wa waya, aone mwenyewe nguvu ikipanda na kushuka. Vifaa vyake ni waya wa shaba, msumari, betri na mita, na hakuna chuo kisichoweza kuvipata. Na wewe unayekwenda dukani kesho kununua rilei, ukishataja volti, uliza pia omu. Muuzaji asipojua, omba mita, ipime hapohapo kaunta kabla hujalipa.